Mwalimu Alipomfundisha Njeri Kudaka

Mpira wetu wa kati ulinuka maziwa yaliyochacha. Tuliutengeneza kwa pakiti za maziwa tulizookota nyuma ya nyumba, tukazikunjakunja na kuzishindilia ndani ya soksi kuukuu ya mtu mzima, kisha tukafunga mdomo wa soksi kwa uzi wa gunia. Ukishinda juani juu ya ukingo wa dirisha, harufu ile iliamka, na ukigongwa nao mgongoni ulikwenda nayo hadi nyumbani. Mama aliisikia kwenye sare yangu akaniamuru nivue, lakini hakuwahi kuuliza ilikotoka. Tulikaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za mawe zenye paa za vigae, zilizojengwa zikizunguka viwanja vya nyasi, na kila jioni kabla majiko hayajawashwa uwanja wetu ulijaa wasichana. Wavulana walikuwa na upande wao wa mpira wa miguu na banta, yaani gololi. Sisi tulikuwa na kati. Wawili wanasimama mbalimbali wakirushiana mpira, na waliobaki wanakaa katikati wakiukwepa. Ukigongwa unatoka. Anayebaki mwisho ndiye malkia hadi kesho yake, na msimu ule wote ninaoukumbuka, kabla mvua hazijaharibu uwanja, malkia alikuwa Njeri.

Njeri alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, binti wa fundi wa vitanda. Tulisoma darasa la tatu pamoja na tulikaa dawati moja. Alikuwa mwembamba, mwenye magoti makubwa kuliko miguu yake, na ukimwona akitembea usingemdhania lolote. Lakini mpira ulipomjia hakuna aliyemfikia. Hakukimbia hata. Alijikunja kiunoni, au aliinua mguu mmoja, au aligeuza bega kidogo tu, na mpira ukapita pale alipokuwa sasa hivi. Mimi niligongwa mapema kila siku. Si kwamba sikuuona mpira. Niliuona vizuri sana, tangu ukitoka mkononi mwa mrushaji, ila nilianza kuwaza: niende kushoto? Lakini kushoto kuna jiwe. Kulia nitamkanyaga mwenzangu. Au niiname? Na nikiinama nikigongwa kichwani je? Wakati huo mpira ulikuwa umeshafika. "Wee Mutheu, umeganda kama redio stima ikipotea!" walinicheka. "Toka, umegongwa!" Nilikwenda kukaa ukingoni, nikamtazama Njeri akibaki peke yake katikati, akicheka. Nilimwonea wivu, ndiyo, lakini ule ulikuwa wivu mdogo, wa watoto wote. Ule mwingine ulikuwa bado haujaanza.

Mama alikuwa mwalimu katika shule yetu ya msingi. Palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika, kwamba mtoto wa mwalimu akishapita lango la shule hana mama. Nyumbani nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. Shuleni nilimwita Mwalimu, tena kwa sauti ile ile ya watoto wengine, nisiivute wala nisiilainishe. Kelele zikipigwa darasani mimi niliadhibiwa wa kwanza. Nikiinua mkono kujibu swali nilichaguliwa wa mwisho, au sikuchaguliwa kabisa. "Watu watasema," alinieleza mara moja tukiwa tunaosha vyombo, na sikuuliza ni watu gani. Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, lakini karibu na lango aliongeza mwendo, nami nilijua napaswa kupunguza wangu.

Mwaka ule Mama alipewa darasa letu kwa kipindi cha P.E., yaani mazoezi ya viungo. Shule nyingi wakati huo zilikuwa na kipindi hicho kwenye ratiba tu, kwani mtihani wa taifa haukumwuliza mtu anaruka vipi, kwa hiyo kikifika, mwalimu wa Hisabati aliingia na chaki yake na hakuna aliyeshangaa. Mama alikuwa ametoka kwenye kozi ya likizo na akarudi mtu mwingine. Alisema mtoto hufundishwa kuruka kama anavyofundishwa kusoma. Alisema watu wazima wanadhani mwili wa mtoto unajijua wenyewe, kumbe kuruka kuna kutua, kurusha kuna mguu wa kutangulia, na kudaka kuna macho kabla ya mikono. Alishona vifuko vidogo kwa mabaki ya vitambaa vya sare akavijaza maharagwe. Alichora duara na mistari kwa chokaa kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Mwalimu wa Hisabati alipomwomba kipindi, kwa adabu, kwa kuwa mtihani wa muhula ulikaribia, Mama alimjibu kwa adabu hiyo hiyo kwamba hata yeye anakaribia kuwafundisha kusimama kwa mguu mmoja.

Kabla ya kila somo alilijaribu kwanza kwangu. Jioni alivuta meza ndogo ukutani, akaniambia nivue viatu, na sebule yetu ikawa uwanja. "Ruka. Tua. Hapana, umetua kwa kisigino, kunja magoti. Tena." Nikaruka tena. Nikasimama kwa mguu wa kushoto mikono ikiwa imenyooshwa, nikadaka kifuko kwa mikono miwili, kwa mmoja, nikiwa nimesimama, nikitembea. Nilijifunza haraka. Nadhani nilijifunza haraka mno, na jambo hili nimelifikiria kupita kiasi kwa miaka yote hii, kwa sababu Mama hakuwa akinifundisha. Alikuwa akijifunza kufundisha. Alitazama magoti yangu, viwiko vyangu, jinsi vidole vilivyofunguka, akasema "sawa" kwa mtu asiyekuwepo, kisha akarudi kwenye maandalizi yake. Alinitumia kama fundi cherehani anavyoitumia ile sanamu yake isiyo na kichwa. Nguo ikishakaa vizuri juu yake, huvuliwa ikapelekwa kwa mwenyewe.

Mwenyewe akawa Njeri. Katika kuruka na kukimbia alikuwa kama sisi wote, tena mwepesi kutuzidi. Lakini tulipofika kwenye kudaka, jambo la ajabu likatokea. Mama aliturushia vifuko mmoja mmoja, polepole, kutoka hatua chache tu. Watoto wengine walivikosa, wakavidaka kwa kifua, wakavidaka kwa kidevu, wakacheka. Njeri alisimama wima, mikono mbele kama alivyoagizwa, na kifuko kilipomkaribia alijikunja kiunoni kikapita. Mama akarusha tena. Njeri akageuza bega. Akarusha tena, chini kabisa, kwa huruma. Njeri akainua mguu. Darasa zima lililala chini kwa kicheko. "Njeri amehepa maharagwe!" mvulana mmoja akapiga kelele, na Njeri mwenyewe akaitazama mikono yake kama imemwaibisha mbele za watu. "Ticha, si mimi," alisema. "Mwili unajiendea tu." Mama hakucheka. "Anayejua kudaka na kucheka kwa pamoja aje mbele anionyeshe," akasema. Kisha akamwendea Njeri.

Alisimama nyuma yake. Alimshika viganja vyote viwili kutoka nyuma, akaviweka mbele ya kifua, akavifungua kama mtu anayeteka maji kwa mikono, na kidevu chake kikawa juu kidogo ya nywele za Njeri. Akamwambia msichana wa mbele arushe kifuko. Kilipokuja, Njeri alitaka kujikunja lakini hakuwa na pa kwenda, kwa sababu nyuma yake alikuwa Mama. Wakakidaka pamoja, mikono minne. "Umeona?" Mama akasema, taratibu, karibu na sikio lake. "Kimekuja kwako tu. Hakina ubaya." Ile sauti niliifahamu. Ilikuwa ya nyumbani, ya siku nilipougua surua, na sikujua kwamba inaweza kutoka nje ya lango letu, achilia mbali kuingia shuleni ambako mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuiomba.

Basi ndivyo ilivyokuwa kila kipindi, wiki baada ya wiki. Sisi wengine tuliendelea: tukafika kwenye mpira wenyewe, wa plastiki, uliodunda, kisha kwenye kurusha kwa mkono wa juu. Mama alituonyesha, akatupanga wawili wawili, halafu akarudi kwa Njeri. Akajaribu karatasi ya nailoni inayopepea polepole hewani. Akajaribu kumkalisha chini na kuuviringisha mpira hadi kwenye mapaja yake. Kila mara Njeri alipokaribia kudaka, Mama alikunjua uso kwa matumaini kama mtu anayemwona ndugu yake kwa mbali. Mimi nilidaka kila nilichorushiwa. Nilidaka mipira mibaya, iliyokwenda pembeni, nikaruka nikaitoa juu, na nikageuka haraka kuona kama ameona. Alikuwa amenipa mgongo. Siku moja nikaamua kukikosa kifuko makusudi. Nikakiacha kinipite katikati ya mikono, nikasimama nikikitazama chini kwa huzuni, nikasubiri. "Mutheu," Mama akasema bila hata kunisogelea, "acha mchezo." Njeri akageuka akanitazama, viganja vyake vikiwa bado mikononi mwa mama yangu, na akatabasamu kwa wema. Wema huo ndio ulionikasirisha zaidi. Afadhali angenicheka.

Usiku nililala nikijiuliza maswali. Je, kuna mtoto ambaye mama yake angempenda zaidi kama angejua machache? Je, Njeri akinuka nyumba yetu, sabuni yetu ya kipande, nitaisikia harufu hiyo dawatini? Nilianza kumnusa kwa siri wakati wa kusoma kwa sauti. Alinuka vumbi la mbao kama siku zote. Nilipata nafuu kidogo, kisha nikaanza kuogopa kwamba Mama ndiye atakayeanza kunuka vumbi la mbao.

Jambo lililogeuza mambo lilitokea mezani. Tulikuwa tunakula isyo, yaani mahindi na maharagwe, labda yale yale yaliyobaki kwenye vifuko, na Baba alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Mama aliacha kijiko katikati ya njia. "Yule mtoto wa jirani," alisema, "naogopa kuna mtu anampiga. Mtoto hawezi kukimbia kitu kinachomjia namna ile bila sababu. Nafikiri nizungumze na baba yake." Nakumbuka uso wake. Alikuwa na uchungu halisi, na uchungu huo ulikuwa wa Njeri. Nikaona kwamba sasa hataishia kumshika viganja, atamhurumia, na kutoka kwenye huruma ni hatua ngapi mpaka kumkaribisha alale kwetu? "Hapigwi," nikasema. "Hata haogopi mpira. Yeye ndiye malkia wa kati." Mama akaniuliza kati ni nini. Alikuwa amekaa Kaloleni miaka mingi, lakini jioni zote alikuwa akisahihisha madaftari, na kule Makueni alikokulia mchezo huo haukuwepo. Nikamweleza kwa haraka, nikiwa na hakika kwamba nammaliza Njeri: kwamba katika kati mpira haudakwi, unakwepwa, kwamba Njeri ni hodari wa kukwepa kuliko mtu yeyote wa uwanja wetu, kwamba hapo shuleni anajifanya tu. Nilitegemea Mama akasirike. Badala yake alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa leso. "Kumbe!" akasema. "Kumbe anajua! Ila anajua kitu kingine!" Nikagundua kwamba nimempa Njeri zawadi, na ilikuwa kubwa kuliko zote alizokuwa ameshapewa.

Kesho yake jioni Mama alitoka nje. Sijui kama naweza kueleza uzito wa jambo hilo. Mwalimu hakuja uwanjani. Alipita uwanjani, amebeba mfuko wa madaftari, nasi tulinyamaza hadi apite. Siku hiyo alisimama kwenye nyasi na leso yake kiunoni, akatazama. Njeri alikuwa katikati, akijikunja, akigeuka, na Mama akawa anasema "Ala!" kila mpira ulipomkosa. Kisha akavua viatu, akaviweka kando, akaomba kuingia. Akina mama waliokuwa wakianua nguo wakasimama. "Mwalimu amerudi utotoni!" mmoja akaita. Tukamgonga mara moja, kwa woga, mgongoni, kwa ule mpira wenye harufu. Akatoka kama sisi, akakaa ukingoni kando yangu. Kwa dakika chache alikuwa kando yangu, akihema, jasho likimtiririka, na nilitamani mchezo ule usiishe. Lakini akainuka. "Sikilizeni," akasema. "Tuongeze kitu. Aliye katikati akidaka mpira, anamrudisha mwenzake mmoja aliyetoka." Zogo likazuka. "Hiyo si kati, ticha!" "Kwani kwenu huchezwa hivyo?" "Sasa si watu hawataisha!" Mama akasema tujaribu siku moja tu, tukichukia tuache. Tulijaribu, na kwa kweli hatukuacha. Hata baada ya sisi kuhama, niliambiwa wasichana wa uwanja ule waliendelea kucheza hivyo, bila kujua sheria ile ilitoka wapi.

Nilidhani sheria ile imeletwa kwa ajili yangu. Naomba nieleweke. Mimi ndiye niliyejua kudaka. Nilikaa katikati, na kwa mara ya kwanza kule kuganda kwangu kukawa na maana, kwa sababu mtu anayeutazama mpira hadi mwisho ndiye anayeudaka. Mpira ukaja, nikaudaka kifuani, nikasikia wasichana wakipiga vigelegele. "Mrudishe mtu!" wakasema. Aliyekuwa ametoka wakati huo alikuwa mmoja tu, naye ni Njeri, ambaye kwa bahati mbaya isiyo ya kawaida alikuwa amegongwa kisigino. Nikamrudisha. Akaingia akikimbia, akanikumbatia shingoni. Na Mama, kutoka ukingoni, akaita kwa furaha: "Umeona Mutheu alivyofanya, Njeri? Namna hiyo hiyo!" Ndiyo mara pekee ninayokumbuka akinisifu mbele ya watu, na sifa yenyewe ilipita juu ya kichwa changu ikamwendea mwingine.

Njeri aliudaka mpira wake wa kwanza wiki iliyofuata, katika kati, alipokuwa amebaki peke yake na marafiki zake wote wakiwa nje wakimlilia awaokoe. Sasa kudaka kulikuwa na sababu. Mwili wake ulianza kukwepa, ukasita, mikono ikatoka. Mama hakuwepo, alikuwa ndani akisahihisha. Njeri alikimbia na mpira wenyewe hadi mlangoni kwetu, akabisha, akasema, "Ticha, nimedaka," na nikamsikia Mama akiangusha kiti kwa haraka ya kuinuka. Mimi nilibaki uwanjani. Hakuna aliyenirushia kitu.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu alitangaza kwamba mkaguzi wa elimu atakuja kutazama kipindi cha P.E. Mama alinieleza nyumbani, akiwa anapiga pasi sare yangu, kwamba mambo hayakuwa mazuri. Walimu wengine walilalamika kwamba darasa la tatu linapoteza muda kurukaruka. Mkaguzi akiona maana, kipindi kitabaki. Asipoona, muhula ujao kitakuwa cha Hisabati. Alisema watoto wote wataonyesha kuruka na kutua, kisha mwishoni mmoja ataonyesha kudaka mpira hatua kwa hatua, macho, mikono, kifua. "Nimemchagua Njeri," akasema. "Kwa sababu yeye anaonyesha njia ilikotoka. Wewe utamrushia. Wewe hukosei." Akaendelea kupiga pasi. Akakunja ukosi wa shati langu vizuri, akaupuliza.

Sijui watoto wengine walifikiria nini usiku ule kabla ya mkaguzi. Mimi nilifikiria mrusho mmoja. Nilijua vile Njeri alivyo: mpira wa juu, wa taratibu, angeudaka. Mpira wa chini, wa kasi, wa kati, ule unaolenga kiuno, mwili wake ungeukwepa kabla yeye hajaamua. Hakuna ambaye angenilaumu. Kipindi kingekwisha. Hakungekuwa tena na viganja, wala karatasi za nailoni, wala mlango kubishwa jioni, na Njeri angebaki na Hisabati, ambako mtu hashikwi viganja akifundishwa kugawanya. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na niliona jambo zima waziwazi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia, aliyekaa kwenye kiti kilichotolewa ofisini. Tuliruka, tukatua, tukasimama kwa mguu mmoja kwenye mistari ya chokaa. Kisha Njeri akaitwa, nami nikapewa mpira. Alikuwa amevaa bluma mpya, ile kaptura ya michezo ya wasichana. Nikauinua mpira, nikaushusha chini kidogo, kiunoni, kwa namna ile ya kati. Njeri aliiona. Nadhani aliijua, maana bega lake likaanza kugeuka. Na hapo nikamwona Mama. Alikuwa amesimama nyuma ya Njeri, mbali kidogo, kwenye ukingo wa uwanja, na bila kujua alikuwa amenyoosha mikono yake mwenyewe mbele ya kifua, viganja wazi, macho yake yakiwa juu yangu. Si juu ya Njeri. Juu yangu. Alikuwa anausubiri mpira kutoka kwangu. Nikautupa juu, polepole, mrusho mzuri kuliko yote niliyowahi kurusha, na niliurusha kwenye ile mikono ya nyuma. Njeri alikuwa tu amesimama njiani. Akaudaka.

Watu walipiga makofi. Mama alimkimbilia Njeri, akamwinua juu, mpira ukiwa bado kifuani mwake. Mkaguzi akasogea, akamsalimia Njeri kwa mkono, akauliza jina lake. Kisha akanigeukia. "Na huyu anayerusha vizuri hivi ni nani?" Mama alikuwa anamweka Njeri chini, anamfunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa. "Huyo?" akasema. "Huyo ni wangu." Kipindi kilibaki, na kile cha Hisabati kikatafutiwa siku nyingine. Lakini mimi sijamaliza na maneno yale. Nimeyageuza kila upande. Kuna siku nayasikia kama jambo kubwa kuliko yote ambayo mama anaweza kumwambia mtu asiyemjua, ndani ya lango ambalo lilikuwa limenikataza kuwa wake. Na kuna siku nayasikia kama mtu anayeulizwa kuhusu kiti kilichopo chumbani, naye anajibu ni chake, akiendelea na shughuli.

Sasa nina shahada ya takwimu na sina kazi ya takwimu. Huku nikisubiri majibu ya maombi, ambayo nayasoma tena na tena baada ya kuyatuma nikitafuta kosa, nafundisha kwa muda katika shule ndogo ya kulipia katika mtaa wa Tena. Uwanja wake ni ule wa kuegesha magari, na P.E. ninafundisha mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Watoto hawa hawachezi kati. Ukiwarushia mpira hawaukwepi na hawaudaki. Wanasimama tu, mikono ubavuni, unawagonga kifuani, nao wanakutazama kama umewaambia jambo kwa lugha wasiyoijua. Enzi zetu tulikosea kwa kuwa miili yetu ilikuwa imeshajifunza mchezo mwingine. Hawa wanaanza patupu, na kila siku najaribu kukumbuka macho yanatangulia nini. Kuna msichana mmoja anayejua kila kitu, anayeinua mkono kabla sijamaliza kusema. Nimempa kazi ya kurusha. Nimeona jinsi anavyogeuka kunitafuta kila baada ya mrusho, na ninajua vizuri anachokitafuta, lakini kipindi ni kifupi na wengine ni wengi.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama. Amestaafu, yuko Makueni, anafuga kuku, na sauti yake kwenye simu imekuwa nyembamba. Nilimweleza habari za mahojiano ya kazi, nikamweleza chumba nilichokodi, akaitikia "mm, mm." Kisha nikamtajia P.E., na nikamsikia akisogeza kiti. "Unafundisha nini sasa?" Kudaka, nikasema. Nikamwambia habari za yule msichana hodari. "Huyo hana shida," akasema. "Kuna aliyeshindwa kabisa?" Nilijua mahali mazungumzo yanapokwenda na bado nikayaacha yaende. "Yuko mmoja, Mwaitu." "Anaitwa nani?" "Wesley." Mama akalitamka jina lile taratibu, kama analiweka mahali asije akalipoteza, akaniuliza anasimama vipi, mabega yake yakoje, na kama nimeshajaribu kusimama nyuma yake. Nilimjibu yote. Nilikuwa nimekaa kitandani, mtu mzima, simu sikioni, nikimwonea wivu mtoto wa miaka minane ambaye mama yangu hajawahi kumwona.